Pumzi Kando ya Kisiwa cha Tatu

Mjomba wangu Marino alikuwa fundi seremala, na kazi ya mkono wake ilijulikana mtaa wetu wote wa Hai Cinema. Walirudi kutoka Uganda mwaka 1973, yeye na mkewe Ketty na mtoto wao Ezbon, wakakaa kwenye vyumba viwili nyuma ya nyumba yetu. Mimi nilikuwa mdogo. Haya ninayoyaeleza niliyapata baadaye, nusu kwa Igga, rafiki wa mjomba aliyekuwa nao siku ile mtoni, na nusu kwa Anti Ketty mwenyewe, ambaye alinisimulia mara moja tu na hakurudia tena.

Anti Ketty alikuwa mtu asiyetulia. Akiketi, baada ya muda kidogo anasimama, anakwenda mlangoni, anarudi. Mama yangu, Santina, akimuuliza anatafuta nini, anajibu, "Hakuna kitu." Na mtoni hakwenda kabisa. Nguo alifulia uani, maji aliletewa. Tulijua kwamba mdogo wake, Loku, alizama walipokuwa wanavuka mto wa mpakani kukimbilia Uganda mwaka 1965. Wakati ule yeye mwenyewe bado aliitwa Gune, jina la nyumbani. Jina la Ketty alibatizwa huko ukimbizini. Zaidi ya hapo hakuna aliyeuliza. Familia nyingi zilikuwa zimepoteza mtu njiani.

Februari 1975 mjomba alimbadilishia mbao za mashua Mgiriki mmoja mwenye duka mjini, mzee tuliyemwita Hawaja Stavro, yaani Mzungu Stavro. Mashua ilikuwa ndogo, ya mlingoti mmoja na tanga jeupe. Mzee huyo alizaliwa kwenye visiwa vidogo vya bahari ya kwao, na alipenda kueleza jinsi watu wa huko wanavyopakia chakula asubuhi, wakazunguka kwa tanga kisiwa baada ya kisiwa, wakavaa miwani ya kuzamia na kutazama samaki mpaka jioni.

"Bila nyavu?" mjomba aliuliza.

"Bila nyavu. Ni furaha tu," mzee alijibu.

Mjomba alicheka sana. Lakini mzee alipomwambia achukue mashua Jumamosi moja, pamoja na miwani ile na mrija mweusi wa mpira wa kupumulia, hakukataa. Alimwalika Igga, aliyejifunza kuendesha tanga ziwani Albert, kule Butiaba. Hakutegemea mkewe aseme neno.

"Nitakuja," Anti Ketty alisema.

"Wewe? Majini?"

"Nimechoka kuyaogopa, Baba Ezbon."

Ezbon aliachwa kwetu. Wao watatu waliondoka saa mbili asubuhi kutoka ufukwe ulio karibu na bandari. Kiangazi upepo hutoka kaskazini, kwa hiyo tanga lilijaa vizuri na kuwapandisha mto dhidi ya mkondo, na kurudi wangerudishwa na mkondo wenyewe. Maji yalikuwa yamepungua na kusafika. Anti Ketty aliketi katikati ya mashua, amebana mikono magotini, lakini baada ya muda alianza kucheka wakati Igga alipoimba. Igga alisema hajawahi kumsikia akicheka vile, wala baadaye hakumsikia tena.

Walikuta visiwa vitatu vidogo vimepangana, mchanga na matete tu, vitu ambavyo mvua ikija vinamezwa na mto. Nyuma yake maji yalikuwa yametulia kama ya kwenye beseni. Igga alipiga maji kwa kasia, akatazama kila upande.

"Shemeji, hapa iko salama. Mamba hakuna. Mchanga tupu."

Mjomba alivaa miwani, akatia mrija mdomoni, akalala kifudifudi majini. Kisiwa cha kwanza aliinuka kila mara kama mtoto, akipiga kelele kwamba ameona kambare mkubwa, ameona gogo lenye konokono. Kisiwa cha pili aliinuka mara moja tu.

"Igga, mbona unanigusa mguu?"

Igga alikuwa ndani ya mashua, hatua ishirini kutoka pale, mdomo umejaa karanga.

"Labda samaki," mjomba alisema. Aliutazama mguu wake kwa muda, halafu akarudi kwenye mashua bila kumaliza kuzunguka.

Kisiwa cha tatu ndicho walichoshukia kula. Kulikuwa na kisra, ile mikate myembamba ya mtama, mchuzi wa bamia zilizokaushwa, na sufuria ya kuchemshia chai. Jua lilikuwa la utosini. Igga alijinyoosha kwenye mashua, akafunika uso kwa kofia, akalala. Mjomba alichukua miwani na mrija, akasema atazunguka kisiwa mara moja tu.

Anti Ketty aliketi peke yake kwenye mchanga, nyayo zake karibu na maji. Kutoka alipo aliweza kuona mrija ukizunguka. Ulipotea nyuma ya matete, ukatokea upande wa pili, ukapita mbele yake taratibu, ukapotea tena. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Maji yalikuwa yanang'aa kwa jua kiasi kwamba mwili haukuonekana, mrija tu. Alijiambia mume wake amenogewa, alisema mara moja na sasa anakwenda ya tatu.

Mara ya tatu mrija ulipofika mbele yake, haukupita.

Ulisimama, hatua mbili kutoka nyayo zake. Alisikia pumzi ndani yake. Ikiingia, ikitoka. Sauti nzito kidogo, yenye maji, jinsi mrija ule ulivyosikika tangu asubuhi. Na hapo Anti Ketty alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka kumi. Alidhani mume wake yuko karibu, uso wake uko chini, masikio yake majini, hawezi kumtazama wala kumsikia. Akaanza kusema.

"Baba Ezbon, najua hunisikii, ndiyo maana nasema," alianza kwa sauti ndogo. "Loku hakuchukuliwa na maji. Nilikuwa nimemshika mkono. Aliniambia, shika, shika. Maji yalinifika shingoni. Nikaogopa. Nikamwachia. Mama nilimwambia aliteleza. Hakuteleza. Mimi nilifungua vidole."

Pumzi kwenye mrija ilikatika.

Hata matete hayakucheza.

Halafu pumzi ikaanza tena. Haraka zaidi. Kama ya mtu aliyekimbia.

"Ketty, unaongea na nani?"

Sauti ilitoka nyuma yake. Aligeuka. Mjomba alikuwa amesimama kwenye mchanga, kavu, suruali yake kavu, nywele zake kavu, amebeba kuni kavu mkononi za kuchemshia chai. Alikuwa ametoka majini zamani. Miwani na mrija vilikuwa vimening'inizwa kwenye mlingoti wa mashua, vinakauka.

Anti Ketty alivitazama pale juu. Kisha akatazama maji.

Mrija ulikuwa bado pale. Ulipumua mara moja zaidi. Ukazama polepole, wima, na kwenye mchanga chini ya maji hapakuwa na mtu.

Hakupiga kelele. Aliinuka, akamshika mume wake mkono, akasema, "Twende nyumbani." Mjomba alikuwa ameuona mrija ukizama. Alizitupa kuni. Walimwamsha Igga bila kumweleza, sufuria wakaiacha hapohapo.

Igga aliniambia hakuelewa kwa nini wanataka kasia wakati mkondo unatosha kuwashusha. Alishika usukani. Mjomba alipiga kasia bila kupumzika. Walipita kisiwa cha pili. Walipita cha kwanza. Mbele yao walianza kuona moshi wa mji, na mjomba akaanza kupunguza kasi.

Ndipo mashua iliposimama.

Hawakugonga kitu. Ilisimama taratibu, jinsi mtu anavyozuiwa kwa kushikwa nguo. Mto uliendelea kwenda. Maji yalianza kupasuka upande wa nyuma wa mashua, yakatoa povu pande zote mbili, kama vile yanapita kwenye jiwe. Igga alichomeka kasia chini, likazama lote na mkono wake mpaka kwenye kwapa.

"Chini hakuna kitu," alinong'ona. "Marino, hakuna kitu."

Upande aliokaa Anti Ketty, karibu kabisa na ubao, kitu cheusi chembamba kilitokeza kwenye maji.

Kilipumua.

Igga alikitazama, halafu akatazama mrija wa Hawaja kwenye mlingoti. Aliniambia kwamba mpaka leo akiusikia mpira ukivuta hewa, pampu ya baiskeli hata, anatoka nje ya chumba.

Kikapumua tena. Na safari hii, pumzi ilipotoka, ilitoka na neno.

"Shika."

Ilikuwa sauti ya mtoto.

"Shika, Ketty."

"Usitazame," mjomba alisema. Alimkumbatia mkewe kiunoni. Lakini mkono wa Anti Ketty ulikuwa umeshavuka ubao. Uliingia majini mpaka kiwiko. Alisema alihisi mkono mdogo, baridi, ukaingia ndani ya wake kwa ukubwa uleule anaoukumbuka. Vidole vile vile. Kucha zile zile fupi. Akaufunga mkono wake.

Mashua ililala upande. Maji yalianza kuingia.

"Achia!" Igga alipiga kelele.

"Siachii."

"Shemeji, tunazama!"

"Niliachia siku ile!" Anti Ketty alilia. "Leo siachii!"

Mjomba alikuwa hajui habari ya siku ile. Alijua hapohapo, kwa maneno hayo. Hakumvuta tena. Aliweka kidevu chake begani kwake, akamshikilia tu, na maji yakiwafika miguuni. Igga alisema aliona mjomba amefumba macho kama mtu aliyekubali.

"Shika, Ketty," sauti ilisema. "Shika, Ketty. Shika."

Na jina hilo, kwa kurudiwa, likamwingia Anti Ketty masikioni namna nyingine.

Aliacha kulia. Aliinama mpaka uso wake ukakaribia maji.

"Nani kakwambia naitwa Ketty?"

Pumzi ikakatika.

"Loku hakulijua jina hilo. Niite jina langu. Niite jina aliloniita Loku."

Povu tu, likipita.

Ndani ya mkono wake, vidole vidogo vilianza kusogea. Vilijipanga upya. Alivihesabu bila kutaka. Vitano. Sita. Cha saba kikaja kutoka upande wa kiganja, kikapenya katikati ya vyake. Cha nane. Alijaribu kufungua mkono, ukakataa. Sasa hakuwa yeye aliyeshika.

"Mimi sikujui," Anti Ketty alisema. "Unasikia? Nilimwachia ndugu yangu. Wewe sikujui."

Kitu kile kikaachia.

Kiliachia chote kwa pamoja, na mashua ikaruka mbele kwa nguvu kiasi kwamba Igga aliangukia tanga. Mkondo ukawachukua. Hakuna aliyegeuka nyuma. Mjomba alikomba maji kwa kofia ya Igga, na Anti Ketty alikaa ameukumbatia mkono wake kifuani, amelowa, ametulia kabisa.

Bandarini walikuta watu wanapakia jahazi la kwenda kaskazini, magunia na kelele, mwanamke mmoja anagombana na karani juu ya mbuzi wake. Kila mtu aliwapita. Igga alifunga mashua, akaondoka bila kuaga. Mjomba na mkewe walitembea kwa miguu kuelekea nyumbani.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" mjomba aliuliza mwishowe.

"Kumi na miwili."

"Ulikuwa mtoto, Gune."

Hakuwahi kumwita hivyo kabla. Anti Ketty alisimama katikati ya barabara, akalia mpaka watu wakatoka madukani kuuliza kama kuna msiba. Jumapili alikwenda kwa padri kuomba misa ya Loku, na baada ya misa alimweleza mama yangu yote. Tangu hapo alikaa kwenye kiti bila kuinukainuka. Alishona, alilea, alizaa watoto wengine wawili.

Mkono tu ndio haukurudi ulivyokuwa.

Ulikuwa mkono wa kulia. Haukuuma, haukuvimba, daktari wa kwanza na wa pili hawakuona kitu. Lakini vidole vitatu vilikunjamana ngozi, vyeupe kwa ncha, kama vya mtu aliyeshinda anafua, na havikunyooka tena. Miaka ilipita. Watoto tulikua, vita vikarudi, tukakimbilia Uganda mara ya pili. Nilikuwa mtu mzima aliponipa mkono huo kunisalimia, nami nikaushika makusudi muda mrefu. Ulikuwa mkavu na wenye joto. Ncha za vidole zilikuwa baridi.

Alifariki Arua mwaka 1994, kitandani, kwa malaria. Mama yangu ndiye aliyemwosha pamoja na majirani wawili. Aliniambia walimaliza kumkausha mwili wote, wakamvalisha, halafu mama akaona mkono wa kulia bado umelowa. Akaufuta. Wakamchana nywele. Akautazama tena, umelowa. Akaufuta kwa taulo nyingine, ikaloa yote, na maji yalikuwa na mchanga. Mwishowe walimfungia mkono huo kitambaa kinene, wakamweka kwenye jeneza.

Kabla fundi hajagonga misumari, kitambaa kilikuwa kimeanza kutona.