Damu ya Dada Kwenye Kioo

Saa moja asubuhi mwenye karakana ya kushona alifungua mlango akakuta dirisha la nyuma limevunjwa na cherehani moja haipo. Moja tu, tena ile kuukuu ya pembeni, na mpya zote zipo. Alipiga kelele mpaka jirani muuza vitambaa akatoka na kijiko cha chai mkononi, ndipo akakumbuka kupiga simu polisi.

Alitumwa inspekta mmoja mwanamke ambaye wenzake walimwita Kobe kwa ajili ya mwendo wake. Hakuwa na haraka, na waliomharakisha walijuta. Kwenye kizingiti cha dirisha aliona matope ya viatu vya mtu mmoja, basi. Kwenye ncha ya kioo palikuwa na damu, na ndani ya damu hiyohiyo umenasa unywele mfupi pamoja na mzizi wake. Kobe alivifungasha vyote viwili viende maabara.

Mwenye karakana hakungoja maabara. Kwanza alimtaja mlinzi wake. Kobe alimtazama mlinzi kichwani, upara mtupu unang'aa, akamwacha aende zake. Basi atakuwa yule fundi aliyemfukuza mwaka jana, akasema tajiri huyo mwenye karakana. Mwanamke huyo alimwachia oda ya sare katikati eti anakwenda hospitali, na wala hakuwa mgonjwa.

Kobe alichukua vipimo vya vinasaba vya mafundi wote, wa zamani na wa sasa. Majibu yalipokuja, polisi wenzake walishangilia: damu ilikuwa ya yule fundi aliyefukuzwa, bila shaka yoyote. Unywele nao ulikuwa wa mwanamume, ndugu yake wa baba mmoja na mama mmoja. Kaka na dada wameiba pamoja, kesi imekwisha. Kobe peke yake hakucheka. Watu wawili, lakini viatu vya mmoja? Na damu ya huyu inanasaje unywele wa yule?

Alikwenda nyumbani kwa fundi. Mlangoni palikuwa na ndoo ya maji, sabuni, na boksi la barakoa. Fundi aliambiwa habari ya damu yake kwenye kioo. Akavaa viatu.

"Twende, afande. Nimeiba mimi."

Kobe alimwomba akunje mikono ya gauni. Hapakuwa na hata mkwaruzo. Fundi alisema kidonda kimepona, na alipoulizwa cherehani iko wapi, alisema amesahau. Kobe alikuwa amewahi kuona waongo wa kila aina, ila huyu hakujua hata pa kuanzia. Akamweka mahabusu kwa sababu amekiri, moyo ukimsuta.

Yule jirani muuza vitambaa ndiye aliyemfungua macho. Alimweleza kwamba mdogo wake fundi, wa kiume, aliugua ugonjwa wa damu mpaka watu wakaanza kunong'ona habari za msiba, na kwamba dada alimpa kitu kutoka mwilini mwake akapona. Mungu amlipe yule dada, alisema jirani. Kobe alishukuru, akaenda moja kwa moja hospitali.

"Daktari, sikuulizi habari za mgonjwa yeyote," alisema. "Nifundishe tiba yenyewe."

Daktari alimweleza kwamba ndani ya uboho wa mifupa mna seli shina, seli changa zinazozaa damu yote ya mwili. Za mgonjwa zikiharibika, huuliwa kwa dawa kali, kisha hutiwa za ndugu anayelingana naye, kwa mshipa, kama dripu ya kawaida. Zinaenda zenyewe mpaka kwenye mifupa, zinaweka makazi, zinaanza kuzaa.

"Na damu hiyo mpya ukiipima?"

"Vinasaba vyake vitakuwa vya aliyetoa. Nywele zitabaki za mwenyewe."

Kobe aliinuka. Safari hii alitembea haraka.

Alipofika kituoni, mdogo wake fundi alikuwa kaunta, barakoa usoni, amekumbatia cherehani kuukuu, na kiganja kimefungwa bendeji. Mwenye karakana naye yuko pale, kidole hewani. Kobe aliwatoa wote nje uani penye hewa safi, akaagiza fundi aletwe.

"Mfungueni dada," kijana alisema. "Damu ni yake, lakini mkono uliovunja ni wangu."

"Nyamaza wewe!" Fundi alimgeukia Kobe. "Afande, daktari alisema hata mafua yanaweza kumuua. Mle ndani watu wanakohoa usiku kucha. Sikumpa uhai ili akaozee mahabusu. Niacheni mimi."

Kijana alitikisa kichwa. Alisema dada alifukuzwa kazi kwa sababu yake, na tajiri akamzuilia cherehani aliyoachiwa na mama yao. Kila siku alimwona anashona kwa mkono, naye anapumua kwa damu yake. Alishindwa kuvumilia.

"Uongo," alisema tajiri. "Mashine zote mle ni zangu."

"Mafundi wako wanasemaje?" Kobe aliuliza. Wawili waliomfuata tajiri walikuwa wamesimama getini. Waliinamisha macho, kisha mmoja akasema wazi kwamba fundi alikuja nayo siku ya kwanza, amejitwisha. Tajiri alifoka kwamba sare zake zilikwama, na mtu akimkwamisha lazima aone cha moto.

"Basi mwizi wa cherehani ni wewe," Kobe alisema. "Kijana atalitengeneza dirisha, hilo ni haki yako. Wewe ingia ndani tuandike maelezo."

Tajiri aliingia. Fundi alishika kiganja cha mdogo wake, akakifungua bendeji akikagua kidonda.

"Nimelazwa nikatobolewa kwa ajili ya damu hii," alimwambia, "halafu wewe unaimwaga kwenye vioo?"

"Nisamehe, dada."

Alimgonga kichwani taratibu. Kisha machozi yakamtoka, akamshukuru Mungu kwa sauti, pale uani, kwamba amebaki na mtu wa kumgombeza.