Ndoo Yenye Matundu

Mimi ni mama Boke, naishi Kibara, Bunda. Wazazi wenzangu, msifanye kama nilivyofanya mimi.

Kwetu kuna pampu ya maji. Ufunguo alikuwa nao shemeji Magesa, kaka mkubwa wa mume wangu. Ndiye mwenyekiti wa maji. Asubuhi ng'ombe wake walikuwa wanakunywaga kwanza. Watoto, ili wawahi shule, walichota ziwani.

Siku moja binti yangu Boke alirudi mbio.

"Mama, kuna mamba kwenye matete!"

"Nyamaza! Baba mkubwa atasikia kwamba tunawasema ng'ombe wake."

Akanyamaza. Kesho yake nikamtuma tena.

Alirudi mikono mitupu. Mamba aliikamata ndoo Boke akiwa anachota. Angechelewa kuiachia, leo ningekuwa nalia. Wavuvi walituletea ndoo ile ikiwa na matundu ya meno.

Wiki ileile alifika Selestina kutoka Musoma. Shirika lao linafundisha uongozi wenye maadili na mazungumzo ya wazi. Aliomba tufanye mkutano. Magesa akasimama aanze, kama kawaida yake.

"Mwenyekiti, leo utasema mwisho," alisema Selestina. "Kiongozi akianza, wengine wanabaki kupiga makofi tu. Asikilize kwanza. Na atakayesema ukweli asifuatwe nyumbani."

Jirani yangu Gloria akadakia, "Magesa anyamaze? Huyu hata usingizini anahutubia!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Kwetu mwanamke hampingi shemeji mkubwa mbele za watu. Lakini nilimwona Boke, nikaiweka katikati ile ndoo niliyokuja nayo.

"Shemeji, haya ni meno ya mamba. Aliyeshika ndoo ni Boke. Pampuni walikuwepo ng'ombe wako."

Magesa akaingiza kidole kwenye tundu.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambia saa ngapi, shemeji? Mkutano unafungua wewe, unafunga wewe."

Aliinamisha kichwa. Kisha akatoa ufunguo mfukoni.

"Nimekosa. Watoto watangulie. Ng'ombe watasubiri."

Sasa ufunguo unashikwa kwa zamu, kila kaya wiki moja. Kila mwezi tunakutana, na mwenyekiti anasema mwisho. Hakuna mtoto anayechota ziwani.

Lakini hofu haijaniisha. Juzi Boke aliniita, "Mama, nina jambo."

Nikaepua sufuria, nikakaa karibu naye.

"Sema, mwanangu. Nasikiliza."