Duka la Kalama Lililohamishiwa Mlolongo

Wewe unayesoma, usijifanye hukuwepo. Ulinunua kiondo kwa Ndanu, ukaenda nacho kanisani, ukasifiwa. Siku walipomwita mwizi, ukaangalia kando. Wengine hatusahau.

Ilianzia soko la Machakos, watu wakikanyagana. Maundu, fundi wa tovuti, shati limenyooshwa pasi hadi linang'aa, alijikwaa kwa viondo vya Ndanu akaangukia magoti.

"Umeshaanza kuposa?" Ndanu akamcheka, akijifunga upya leso yake ya kijani.

"Bado. Kwanza niambie, mtu akikutafuta Google anakupata?"

"Mimi natafutwa kwa miguu, bwana."

Maundu akamtengenezea tovuti ya duka lake la kijijini Kalama. Mapenzi yakaingilia kwa simu.

"Mwendwa wakwa, mpenzi wangu, usiandike 'bidhaa bora'. Andika vile mnunuzi anaandika akitafuta: kiondo cha katani, Machakos. Na kila picha uipe maelezo."

"Na mimi mwenyewe nijipe maelezo gani?"

"Andika: mwenye duka amenunuliwa tayari."

Hata hivyo, tovuti ilikuwa changa, ikabaki kurasa za chini za Google ambako hakuna anayefika. Ndanu alivumilia. Maundu ndiye alishindwa, maana alikuwa ameahidi makubwa. Bila kumwuliza, akaitoa alama ya duka Kalama kwenye ramani ya mtandao, akaibandika Mlolongo, kwenye ploti alikopanga chumba, karibu na wanunuzi wa Nairobi. Duka likapanda juu. Ndanu akapiga vigelegele.

Wanunuzi wakafunga safari hadi Mlolongo. Wakakuta malori, vumbi la kokoto na mlinzi asiyejua kiondo chochote. Wakamwandikia Ndanu maoni ya nyota moja moja: tapeli, mwizi. Akina mama wa kanisa wakasoma, wakapitishiana simu.

"Maundu, kwa nini duka langu liko kwako?"

"Sasa babe, nani hutafuta Kalama?"

"Kumbe unanionea aibu."

Ndanu akakata simu. Hakupokea simu za Maundu tena.

Maundu alirudisha alama Kalama, lakini matusi yalibaki na duka likazama. Mwishowe akapanda kilima cha Kalama mwenyewe, viatu vyeupe vikawa vyekundu. Ndanu alikuwa akisuka, ile leso ya kijani imepauka.

"Nilitaka wakuone haraka," akasema.

"Na mimi nilitaka waje kwetu." Hakuinua macho. "Nakupenda, Maundu, hiyo sitadanganya. Lakini wazee wako wataleta mbuzi wa ntheo, wale wa kuposea, kwa nyumba ya tapeli? Mama yangu ajifiche wapi?"

"Niambie nifanye nini."

"Wewe umeshafanya. Walionunua hapa ndio wamenyamaza, hawaandiki neno."

Ni wewe huyo. Kiondo chako kinaning'inia nyuma ya mlango, uzi haujakatika hata mmoja. Chukua simu sasa hivi. Tafuta duka la Ndanu, Kalama, uandike ulichonunua na kama kimekufaa. Ukweli mtupu, na jina lako chini yake. Mbuzi bado wako zizini kwa kina Maundu, na Ndanu anazeeka akingoja neno lako.