Eda Iliyopitiliza

Kisa hiki alinihadithia mama yangu, mwaka niliojifungua kifungua mimba wangu, nami nimo katika arubaini, sina ruhusa ya kutoka mlangoni. Siku ya kisa chenyewe mama alikuwa msichana, na ndiye aliyebeba ndoo ya maji. Maji ya nini, tutafika.

Alhamisi, mwaka wa 1943. Saa mbili asubuhi.

Simu ililia dukani kwa Dawoodbhai, Mhindi wa Kibohora aliyekuwa akiuza misumari na taa za chemli pale Makadara.

"Sema."

"Bwana harusi atoka kesho, baada ya swala ya Ijumaa," ilisema sauti ya Kizungu. "Mashine ipatikane leo."

Simu ikakatwa.

Dawoodbhai akamgeukia mwanamke wa buibui aliyekuwa akichagua misumari asiyoihitaji.

"Bi Mwanatumu, kazi iko. Meli kesho. Mbili zimezama tayari. Hii ina watu elfu nzima."

"Mmoja wao nimemzaa mimi," alisema Mwanatumu.

Badawi, mwanawe wa pekee. Alikuwa akifanya kazi katika tagi, ile mashua ya moshi inayozivuta meli hadi nje ya mlango wa bandari. Safari hii ameandikwa ndani ya meli yenyewe, atie makaa.

Dawoodbhai alifunga misumari katika gazeti.

Mwanatumu alikuwa mwalishi. Kukiwa na harusi au hitma, yeye ndiye atumwaye kualika wanawake, nyumba kwa nyumba, kwa miguu. Gari la Ford la askari, lenye waya juu wa kunasa sauti, lilikuwa limezunguka miezi miwili. Lilijua neno moja tu: mashine ya simu ya upepo humpasha adui habari saa saba mchana, siku ya mwisho kabla ya meli kutoka, kutoka ndani ya Mji wa Kale. Nyumba gani? Kuta za mawe zilikuwa zikiwachezea. Na askari akivunja mlango wa wanawake, mji ungewaka.

Kapteni wa askari hao, yule Mzungu wa simu, alihitaji mtu abishaye kila mlango na asiulizwe ametumwa na nani.

Chini ya buibui Mwanatumu alikuwa na mrashi wa fedha, shingo ndefu, kazi ya sonara. Ndani hamkuwa na marashi. Mlikuwa na pilipili iliyolowekwa kwenye spiriti.

Akatoka.

Harusi ilikuwa ya kweli, ya Kibokoni, Jumapili. Makadara alibisha milango kumi na minne. Alipita katikati ya wauza kahawa, mabaharia wa Kizungu waliolewa asubuhi, Wabohora waliokuwa wakifungua maduka. Kibokoni, milango kumi na tisa. "Mwaalikwa nyote, Jumapili, baada ya alasiri." Macho yalikuwa juu: nyaya, madirisha, mapaa.

Hapana kitu.

Akaingia Kuze. Huko alikuwa na mlango asioualika: wa Sheikhan, mwandani wake tangu chuoni. Sheikhan alikuwa edani, mumewe Athmani amekufa bandarini. Mwanatumu alikuwa akipita tu kumjulia hali, akisema naye kwenye upenyo wa mlango.

"Tumu? Ndiwe? Miguu yako haichoki kama ya punda wa maji!"

"Punda hulishwa, mimi napewa tambuu tu. Waonaje?"

"Nipo. Haya, nenda, wana wa watu wakungoja."

"Sheikhan, niombee dua. Badawi aondoka..."

"Sitaki kusikia, mwandani."

"...kesho. Ijumaa, baada ya swala."

Jicho la Sheikhan kwenye upenyo lilikuwa limejaa maji.

"Nenda, Tumu," alisema, akaufunga mlango.

Mwanatumu alikwenda hatua ishirini. Kisha akasimama. Huzuni gani ile ya kumkatisha mtu dua?

Kwenye kamba ya paani, juu ya nyumba ya Sheikhan, palikuwa na buibui limeanikwa. Refu. Sheikhan alikuwa mfupi, akinyoosha mkono ndipo afike kufuli.

Akahesabu kwa vidole. Athmani alikufa Mfungo Mosi tatu, siku ya tatu tangu Ramadhani kwisha. Hitma alialika yeye mwenyewe. Miezi minne na siku kumi: Mfungo Tano, kumi na tatu. Na leo ni Mfungo Sita, nne.

Eda ilikuwa imekwisha siku ishirini nyuma.

Mjane hutolewa eda na wanawake wenziwe. Huogeshwa, huvikwa nguo mpya, hutiwa udi. Na wa kwenda kuwaita wanawake hao ni mwalishi. Hakuna aliyemwita.

Kwa nini mtu ajifungie mwenyewe?

Kwa sababu nyumba ya eda haiingiwi na mwanamume. Hata askari.

Saa sita na robo. Simu ya Dawoodbhai.

"Nyumba nimeiona."

"Wapi?"

"Kuze. Mlango wa buluu, kando ya kisima."

"Tunakuja."

"Mkija na mabuti atawasikia tangu kichochoroni. Simameni mbali. Nitarusha kitu dirishani."

"Kitu gani?"

"Mtakijua."

Akarudi Kibokoni kwenye nyumba ya harusi, wanawake wamejaa wakichambua mchele.

"Sheikhan hajatolewa eda."

"Yallah! Tumemsahau!"

"Mwalishi, kosa ni lako!"

"Ni langu. Inukeni."

Leso mpya ikatolewa sandukuni. Chetezo cha udi. Na mama yangu akatwikwa ndoo ya maji.

Saa saba kasorobo. Wanawake kumi na wawili mbele ya mlango wa buluu. Sheikhan alifungua, kwani mlango wa namna ile haufungwi mbele ya maji ya kumwogeshea mjane. Mwanatumu akawaacha barazani, akaingia peke yake.

Juu kulikuwa kukigongwa. Ti-ti, ti. Ti-ti.

Sheikhan akajitandaza kwenye ngazi.

"Usipande, Tumu."

"Ni nani yule?"

"Aliyenijia nikiwa sina mtu. Athmani alikatwa na mnyororo wa winchi ya Wazungu wako. Walinipa nini? Gunia la mchele na barua nisiyoweza kuisoma!"

"Na waliozama? Makuli, wapishi, watia makaa? Ulikuwa ukimtajia siku za meli?"

Sheikhan akacheka, cheko bovu.

"Mimi? Mimi sitoki nje, nazijulia wapi? Ni wewe, Tumu. 'Badawi leo halali nyumbani, tagi ina kazi.' Kila meli ulikuja kunambia mlangoni, naye nyuma ya mlango akisikiliza. Kiswahili akijua, amekaa Kismayu miaka kumi. Leo nilikukataza. Sikukukataza?"

Mwanatumu alishika ukuta.

Ti-ti, ti.

Akamsukuma mwandani wake, akapanda.

Mtaliani, mfungwa wa vita aliyetoroka kambini, alikuwa ameketi mbele ya sanduku la cherehani ya Singer. Halikuwa na cherehani. Vyombo vya kusikilizia masikioni, buibui mabegani. Mkono ukaenda kwenye bastola ya Beretta.

Mrashi ulitangulia.

Alipiga yowe. Risasi ikaingia boritini. Mwanatumu akashika sanduku kwa mikono miwili, nyaya zikakatika, akalirusha dirishani. Lilipasuka penye ukingo wa kisima kama chungu.

Mabuti yakaja.

Ujumbe haukufika. Saa saba ilikuwa haijatimia, yule alikuwa akiita tu, na upande wa pili haujajibu.

Mtaliani alitolewa kwanza, haoni. Kisha Sheikhan, kati ya askari wawili. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka nje tangu mumewe afe. Wanawake walisimama na udi wao. Mama yangu hakujua aitue wapi ndoo.

Mwanatumu alikunjua leso mpya, akamtandia Sheikhan kichwani. Sheikhan aliitikisa ikaanguka.

"Umemuuza mwandani wako," alisema mwanamke mmoja.

Mwanatumu akaiokota leso. Akaipangusa mchanga.

Dawoodbhai akafika mbio. "Kapteni asema kazi nzuri sana!"

"Mwambie nimebakisha milango tisa ya Kuze."

Akaenda kuialika, polepole. Milango mitatu tu ilifunguliwa.

Meli ilitoka Ijumaa. Tangu siku hiyo Mwanatumu hakulala usingizi wa kulala, na hakuna harusi iliyompeleka kualika tena. Siku ya ishirini na mbili simu ya maandishi ikaja kutoka Kolombo: Badawi amefika salama.

Akaikunja karatasi, akaenda nayo Ngomeni, kwenye gereza, akampa askari wa mlango.

"Msomee Sheikhan."

Askari akaenda. Akarudi.

"Amesema alhamdulillahi."

"Na nini tena?"

"Amesema usije tena."

Mwanatumu akashukuru. Akarudi kwa Ndia Kuu, akapita Kibokoni, akapita Makadara, hakuna aliyemkaribisha. Alifika kwake adhuhuri. Akavua buibui, akalitundika, akajilaza kitandani na leso ile ya mwandani wake chini ya shavu.

Akalala.