Sentimita Kumi na Mbili

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, watu wa mtaa ule walisikia kishindo. Du! Kisha kimya. Kisha tena, du! Wageni walidhani kuna nyumba inabomolewa. Wenyeji walijua kwamba ni binti wa fundi wa kuchomelea vyuma, yuko kwenye uwanja wa shule anafanya mazoezi ya kutupa tufe. Ndiyo maana wakamwita Kishindo, na jina likamganda mpaka walimu wenyewe wakasahau lile lililoandikwa kwenye daftari la mahudhurio.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, mabega mapana, shingo imara. Tufe lake alitengenezewa na baba yake. Fundi huyo alichukua kipande cha chuma cha mviringo kutoka kwenye mashine mbovu, akakisugua kwa grinda siku tatu mfululizo mpaka kikatimia kilo tatu kamili, wala gramu haikuzidi. "Chuma hakidanganyi," alimwambia binti yake alipomkabidhi. "Ukikitupa vizuri, kinakwenda. Ukikitupa vibaya, kinakuaibisha hapo hapo."

Nje ya ofisi ya mwalimu mkuu palikuwa na ukuta mweupe ulioitwa Ukuta wa Rekodi. Juu yake yaliandikwa kwa rangi nyekundu majina ya wanafunzi waliofanya makubwa. Alikuwepo mkimbiaji aliyemaliza mita elfu moja na mia tano huku kiatu kimoja kimemchomoka, na kwa miaka kumi na minane hakuna aliyeweza kumfikia. Alikuwepo muogeleaji aliyeanza kujifunza kuogelea akiwa na miaka kumi na mmoja, na baada ya miaka mitatu akawaacha wote nyuma. Walikuwepo wasichana wa mpira wa wavu waliocheza msimu mzima bila kupoteza seti hata moja. Kishindo aliwajua wote kwa moyo, kama watoto wengine wanavyojua nyimbo.

Lakini mstari aliousoma kila siku ulikuwa mmoja tu: Tufe, wasichana, mita kumi na moja na sentimita arobaini. Rekodi hiyo ilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mwenye rekodi sasa alikuwa mama mtu mzima, seremala, na binti yake alisoma darasa moja na Kishindo. Binti huyo alikuwa mrefu kama mlingoti, wakamwita Twiga.

Siku ya michezo ilifika. Asubuhi Twiga aliruka juu mita moja na sentimita hamsini na sita, akavunja rekodi ya shule, akachaguliwa kwenda kwenye mashindano ya shule zote wiki iliyofuata. Watoto walimbeba mabegani. Kishindo alipiga makofi kama wengine, ila ndani ya kifua kitu kilimkwaruza. Mwenzake tayari yuko ukutani, na yeye bado.

Mchana ikawa zamu ya tufe. Kila mshindani alipewa mitupo mitatu. Mtupo wa kwanza wa Kishindo ulifika mita kumi na sentimita themanini na saba. Wa pili, kumi na moja na thelathini na moja. Uwanja ukachangamka. Ukabaki mmoja.

Aliingia kwenye duara, akaliweka tufe shingoni, akainama. Akasukuma kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Tufe likaruka, na mwili wake nao ukaruka nalo. Kidole gumba cha mguu wa kulia, ndani ya kiatu, kikapita juu ya ubao wa mbele, kikagusa udongo wa nje. Aliusikia ule udongo. Mtupo wa namna hiyo hauhesabiwi.

Siku hiyo mwamuzi alikuwa mwalimu wa hesabu. Msaidizi wake aliugua, hivyo alikuwa peke yake, macho yake yakiwa kule tufe lilikoangukia. Alivuta utepe wa kupimia, akatazama, akatazama tena.

"Kumi na moja na hamsini na mbili!" akapaza sauti. "Mguu je?"

Kishindo alitazama chini. Alama ilikuwa pale, ndogo kama kucha. Akaiburuzia kiatu.

"Haukuvuka, Mwalimu!"

Uwanja mzima ukalipuka kwa shangwe. Lakini hatua tatu tu kutoka kwenye duara alisimama Twiga, aliyekuja kuitazama rekodi ya mama yake.

"Amekanyaga nje!" Twiga alipiga kelele. "Halafu amefuta alama kwa kiatu! Nimemwona kwa macho yangu!"

"Mwongo wewe!"

"Mwongo ni wewe! Sema mbele ya watu! Apa!"

Kishindo hakuapa. Alirusha ngumi. Ilimpata Twiga mdomoni, jino likatoka pamoja na damu. Twiga naye hakuwa wa kukaa kimya; alimkamata nywele, akamvuta chini, akamtia kucha usoni. Wakabiringishana juu ya saruji ya duara. Kishindo akajinasua, akamwinua mwenzake kwa mikono ile ile iliyozoea chuma, akambwaga. Mkono wa kushoto wa Twiga ulitangulia chini. Ukasikika mlio mkavu, kama kijiti kinavyovunjwa kwa goti.

Twiga hakulia mara moja. Aliutazama mkono wake uliopinda mahali pasipo na kiungo, kisha ndipo akapiga yowe.

Yowe lile likawa kama kiberiti kwenye nyasi kavu. Nusu ya uwanja ilikuwa na Twiga, nusu na Kishindo. Viti vikarushwa, mawe yakarushwa, mvulana mmoja akapasuliwa sikio kwa kijiti cha bendera. Walimu walipuliza filimbi mpaka pumzi zikawakatika kabla ghasia hazijatulia.

Wapiganaji wote wawili walipewa adhabu. Lakini mtupo haukufutwa. Mwalimu wa hesabu aliulizwa, akasema ukweli wake: hakuuona mguu. Watoto wengine waliulizwa, kila mmoja akasema la upande wake. Basi fundi wa rangi akaitwa, na jina la Kishindo likaandikwa ukutani. Aliposimama kulitazama, furaha aliyoingojea miaka miwili haikuja. Rangi ilikuwa bado mbichi, inachuruzika. Akageuza uso.

Siku ya nne baada ya siku ile ya michezo, jioni, Kishindo alikuwa karakana ya baba yake akipanga vyuma. Fundi alikuwa anamalizia geti. Mlangoni akasimama kijana mkubwa, kaka yake Twiga. Huyu alikuwa bondia. Alikuwa ameshapigana mapambano kumi na mawili, yote akiyamaliza kwa kumwangusha mpinzani, jambo ambalo hakuna kijana wa mji ule aliyewahi kulifanya.

"Wewe ndiye baba yake Kishindo?"

Fundi alivua kinga ya uso. "Ndimi. Karibu, kijana wangu."

"Sikuja kukaribishwa. Mwanao amemvunja mdogo wangu mkono. Kisha amemwita mwongo mbele ya shule nzima."

"Habari ya mkono, nilikwenda kwa mama yenu kuomba radhi, na nitarudi tena na tena. Mwanangu alikosa, hakuna la kumtetea. Lakini habari ya uongo, hapo tusimame kidogo. Nimemlea mwenyewe. Akisema hakukanyaga, basi hakukanyaga."

"Rudia."

"Hakukanyaga."

Ngumi ilikuja hata haikuonekana. Fundi alirudi nyuma, akagonga meza ya kazi, nyundo na koleo vikamwagika. Nyusi ilikuwa imepasuka, damu ikimfunika jicho. Akajishika kwenye geti, akasimama.

"Kijana, unaweza kunipiga. Mwanangu hasemi uongo."

Ngumi ya pili ikampata mbavuni, ya tatu tayani. Fundi akapiga magoti. Bondia alikuwa akihema, macho mekundu, mkono umeinuka kwa mara ya nne.

Kishindo alilirukia lile tufe la chuma lililokuwa chini ya meza. Akaliokota. Akaliweka shingoni. Kichwa cha Bondia kilikuwa umbali wa hatua nne, na kwa hatua nne yeye hakosi. Kilo tatu za chuma. Alijua kabisa zitafanya nini.

Ndipo baba yake, damu ikimtiririka hadi kidevuni, akasema kwa mara ya tatu, kwa sauti ndogo, "Mwanangu... hasemi uongo."

Tufe likamponyoka Kishindo, likaanguka kwenye sakafu na kuchimba shimo.

"Nilikanyaga!" akapiga kelele. "Baba, nilikanyaga! Nilivuka ubao, nikafuta alama! Twiga alisema kweli! Usimpige baba yangu, nilikanyaga!"

Mkono wa Bondia ukabaki hewani. Fundi alimgeukia binti yake, akamtazama kwa lile jicho moja lililokuwa zima. Kishindo alikuwa ameshachapwa maishani, ameshagombezwa, lakini hakuwahi kutazamwa namna ile.

"Unasema nini, mama?" baba aliuliza taratibu.

"Nilidanganya, Baba."

Bondia aliketi ghafla juu ya kopo la rangi, akaitazama mikono yake kama si yake. Mzee aliyepigwa hakuwa amerudisha hata kofi moja.

"Nipe maji," fundi akasema mwishowe. Akasukutua, akatema damu, akajifunga kitambaa kichwani. "Haya, inukeni wote wawili. Twende kwa mama yake Twiga."

Walimkuta seremala akipiga randa ubao. Twiga alikuwa ameketi kwenye kigoda, mkono wa kushoto umefungwa plasta ngumu, mdomo bado umevimba. Seremala alimwangalia fundi, akamwangalia Bondia mwanawe, akaona damu kwenye ngumi zake. Akaweka randa chini.

Kishindo alipiga magoti kwenye maranda, akaeleza yote. Kidole, udongo, kiatu, ngumi, na tufe aliloliinua karakana. Hakuongeza, hakupunguza. Alipomaliza, seremala alianza na mwanawe.

"Nani alikutuma?"

"Nilikuwa nalitetea jina lako, Mama."

"Jina langu halikuwa na jeraha. Sasa ndiyo limelipata, na umelitia wewe. Ulingo umezungushiwa kamba ili ngumi zisitoke nje. Mshike mzee huyu mkono, umpeleke hospitali akashonwe. Kisha nenda kwa mwalimu wako wa ngumi, umwambie kwa mdomo wako ulichokifanya."

Bondia alifanya hivyo. Mwalimu wake alimfungia kupanda ulingoni msimu mzima, naye hakubisha.

Kishindo akamgeukia Twiga. "Nisamehe, ndugu yangu."

"Kesho kutwa ndiyo mashindano ya shule zote," Twiga akajibu. "Ningekwenda." Akageukia ukuta. Pole haiungi mfupa.

Kesho yake, Jumatatu, mbele ya wanafunzi wote, Kishindo alikiri. Wengine walizomea, na waliompigania walizomea kuliko wote. Mwalimu mkuu alimfungia kushindana mwaka mzima, kisha akampa ndoo ya rangi nyeupe na brashi, alifute jina lake mwenyewe. Seremala alikuwa amekuja shuleni, na fundi pia, nyuzi saba zikiwa juu ya jicho lake. Walisimama wakimtazama akipaka mpaka jina likapotea.

Alipomaliza, seremala alimwita akae naye kwenye ngazi.

"Mwanangu, ulinishinda kwa sentimita ngapi?"

"Kumi na mbili, Mama. Lakini si kweli."

"Hebu tazama sentimita kumi na mbili zimekula nini. Jino moja. Mkono mmoja. Sikio la mtoto wa watu. Uso wa baba yako. Na bado kidogo ziue mtu. Ukweli wa Twiga ulisimama peke yake, haukuhitaji ngumi. Uongo hauwezi kusimama peke yake. Lazima upigane ili usianguke, na kila siku unataka ngumi nyingine. Wale walioandikwa ukutani hapa hawakuwashinda wenzao tu. Kila mmoja alikuja na mtupo wake, au mbio zake, na watu wakaamini. Ukidanganya mara moja, unawaibia wote, maana kesho mtoto atasimama hapa aulize, na hawa je, ni kweli?"

"Sitarudia, Mama."

"Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Kubali kwamba leo rekodi hii si yako, ndipo utakuwa mshindani. Mkono unao. Mimi sijapata kuona mkono kama huo."

Kwa wiki sita Kishindo alimbebea Twiga mkoba, akamfanyia kila kazi iliyohitaji mikono miwili. Wiki tatu za kwanza Twiga hakumsemesha. Wiki ya nne, njiani kurudi nyumbani, akamwambia bila kumtazama, "Tembea haraka. Unajikokota kama konokono." Kishindo akaharakisha mwendo, na tangu siku hiyo walianza kuzungumza.