Joto la Dar Halikupanda Basi

Siku ya pili tangu ashuke basi Rwekubo, kusini-magharibi mwa Uganda, Doriane alimwogesha mwanawe jua likizama. Mtoto, Kwizera, alikuwa na wiki tatu. Alizaliwa Dar es Salaam, ambako mama yake, Mrundi, aliuza vitenge miaka minne. Sasa wamekuja kwa mama mkwe, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale.

"Mwanangu, mfunike blanketi," alisema mama mkwe, Marcienne.

Doriane alicheka. "Mama, na jua lote lile la mchana? Ataiva kama ndizi! Dar tunalala na kanga moja, tena madirisha wazi."

Marcienne aliguna. "Haya. Wewe ndiye uliyemzaa."

Usiku Kwizera alilala na kanga moja tu. Kulipopambazuka, Doriane alishika mguu wa mtoto. Akauachia ghafla. Baridi kama jiwe la mtoni! Akamgusa tumbo, nalo baridi. Akampa ziwa, hakunyonya. Hata kulia hakulia.

"Mama! Mtoto wangu! Mama!"

Jirani yao Marthe, Mkongomani, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuja mbio na kiatu kimoja mguuni.

"Toa ile kanga! Weka mutoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Mama Marcienne, leta kofia na blanketi. Halafu twende kituo cha afya sasa hivi. Mutoto amepoa na hanyonyi, hatungojei!"

Juu ya pikipiki Doriane aliuliza, "Nimemuua, dada?"

"Anapumua. Usimutoe kifuani."

Kituoni muuguzi alimpima, akamnywesha maziwa ya mama kwa kikombe, akaagiza abaki vilevile kifuani. Kufika saa nne, Kwizera alilia. Doriane naye akalia.

"Lakini jua la jana lilichoma!" alisema, bado haamini.

"Sikia," alisema Marthe. "Dar iko kando ya bahari. Maji ile mingi inapata joto polepole, inapoa polepole. Mchana inapunguza ukali wa jua, usiku inatoa joto. Na hewa yake ya unyevu inashika joto kama blanketi. Huku bahari iko mbali, na tuko fasi ya juu, kwenye milima. Udongo unapata joto mbio, unapoa mbio. Mwezi wa saba, bila mawingu, joto yote inapanda mbinguni. Hata pale mjini Mbarara ni vilevile."

"Na ziwa letu hili la Nakivale?"

"Ile ni kidogo. Itaweza kazi ya bahari?"

Tangu siku hiyo Kwizera alioga saa sita mchana, akakaushwa upesi. Alivaa kofia na soksi, akafunikwa vizuri. Jioni Doriane alimpima tumbo kwa kiganja. Mwezi ulipoisha, mashavu yalikuwa yamejaa.

Ndipo Umwiza, mdogo wa Doriane, akapiga simu kutoka Dar. Alikuwa anahamia Nyamityobora, Mbarara, na kichanga chake.

"Nimbebee nini mwanangu, dada? Huku hata usiku kanga moja inatosha."

"Kofia ya sufu."

"Acha utani! Uganda, penye jua vile?"

"Umwiza, nilimshika mwanangu nikadhani nimeshika maiti. Kofia ya sufu. Lete mbili."