Nguzo Tano za Masizi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilimkamua ng'ombe wetu, nikafagia zizi, kisha nikauzunguka uzio nikizitikisa nguzo moja moja. Iliyocheza niliiegemezea jiwe. Mwaka ule zilicheza karibu zote, nami nilikuwa nimechoshwa nazo kupita kiasi.

Uzio huo mama alikuwa ameujenga mara mbili. Mara zote mbili nguzo zilioza, zikakatika pale zinapoingia ardhini, na ng'ombe akavamia maharage ya jirani yetu, fundi cherehani. Mara ya pili fundi alikuja na mashina matupu mkononi.

"Mama Kijiti," alisema, kwa maana mtaa mzima uliniita Kijiti kwa wembamba wangu, "sina ugomvi na wewe. Lakini akiingia tena, ng'ombe huyo itabidi aondoke."

Bila ng'ombe tusingekuwa na maziwa ya kunywa wala ya kuuza. Kwa hiyo safari hii mama alitaka uzio wa kudumu. Tulikata nguzo ishirini, tukazibambua magome na kuziacha zikauke miezi miwili. Ikabaki kuzichoma miguu.

"Zichome polepole mpaka ziwe nyeusi ti pande zote," alinielekeza Jumamosi asubuhi, akitoka kwenda kufua mashuka ya hospitali. "Na usiishie pale udongo utakapofika. Pandisha shubiri moja zaidi. Nguzo huanza kuozea pale pale usawa wa ardhi, penye maji na hewa. Na mkaa mchwa hawaupendi."

Nilipofika ya kumi na tano, moshi ulikuwa umenitoa machozi na mikono imekufa ganzi. Nilizitazama tano zilizobaki, nikazichukia. Nikakoroga masizi na maji kwenye kopo, nikazipaka. Zilipendeza kuliko zile nilizozichoma kweli.

Mama alirudi saa nane mchana, miguu imevimba, na hakukaa hata kidogo. Alichimba mashimo, akamwaga kokoto chini, akasimamisha nguzo na kushindilia udongo, akiuinua kidogo kwenye shina ili maji yasituame. Zile tano zikatokea kusimamishwa upande wa maharage.

"Leo umenipunguzia kazi, mwanangu," aliniambia. Nikainama nijifanye nafunga kamba za viatu, nami nilikuwa peku.

Jioni fundi cherehani alikuja kuutazama uzio.

"Jirani," mama akamwambia, "huu ukianguka, usije hata kunigombeza. Mchukue ng'ombe."

"Neno lako linanitosha, mama."

Mama alikuwa ametoa ahadi juu ya masizi yangu. Fundi alipoondoka tu, nikasema, "Mama, nguzo tano sikuzichoma. Nilizipaka masizi."

Aliutazama uzio toka mwanzo hadi mwisho. Nilitamani anifokee.

"Zipi?"

Nikamwonyesha. Akakaa chini kwenye udongo, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mikono yangu imeishiwa nguvu," alisema. "Chukua jembe, uzing'oe mwenyewe."

Nikazing'oa. Udongo ulikuwa bado laini, lakini mgongo uliniuma kama wa bibi kizee. Mama aliwasha moto upya, akanisaidia kuzigeuza. Tulipomaliza ya nne, jua lilikuwa linazama.

"Sikukasirika kwa sababu ulichoka," mama alisema bila kunitazama. "Kuchoka si kosa. Ungeniambia umechoka, hizo tano zingengoja kesho na hakuna ambaye angepoteza kitu. Uongo ndio umetuchimbisha mara mbili, na nusura utukoseshe ng'ombe. Mtu akichoka, aseme."

Niliitazama nguzo ya tano.

"Mama," nikasema, "nimechoka."

Alicheka, kicheko kidogo cha mtu asiye na nguvu. "Haya. Hiyo tutaichoma kesho."

Tukamfunga ng'ombe kwa kamba, tukaingia ndani kunawa.